Taa Zilizomtangulia Baba

Niliusikia wimbo kabla sijaona kitu. Basi la usiku lilikuwa limesimama, pazia la dirisha langu limefungwa, nami nilikuwa nimefumba macho kwa uchovu, nikijiuliza kama tumefika Kakamega au tumesimama tena Chavakali. Ndipo ikanijia sauti nyembamba ya kimashine, kama mbu aliyefundishwa muziki, ikipiga wimbo wa Krismasi usio na maneno. Ilifika mwisho wa wimbo ikaanza tena hapo hapo, bila kupumua.

Nilipovuta pazia niliona duka kubwa la kona. Milango ilikuwa bado imefungwa, lakini taa zilikuwa zimeshaamka, nyekundu, kijani na bluu, zikifukuzana kuzunguka kibao. Na ilikuwa Oktoba, rafiki yangu. Nilishuka na begi langu nikasimama pale kama mtu aliyekosea mji. Mlinzi aliyekuwa akikunja blanketi lake mlangoni akaniangalia.

"Madam, unashangaa nini? Ni Krismasi hiyo."

"Mwezi wa kumi?"

"Wakubwa wamesema imeanza," akasema, akapiga mwayo mrefu. "Mimi huo wimbo nimeusikia wiki mbili sasa. Hiyo siku yenyewe ikifika, mimi nitakuwa nimelala."

Nilicheka, kisha kicheko kikanichosha. Watu wa siku hizi hubishana juu ya jambo hili. Mmoja atakwambia mapambo yatundikwe Desemba mosi, mwingine atakwambia wiki ya mwisho, na mwenye duka hasemi chochote, anawasha tu. Mimi nilikulia mahali ambapo swali hilo lilikuwa na jibu moja, na niliwahi kulivunja jibu hilo kwa mikono yangu mwenyewe, nikiwa na umri wa miaka minane.

Tulikaa kwenye laini ya nyumba sita za serikali, kando ya barabara iendayo Navakholo. Zilikuwa nyumba za mawe zenye mabati yaliyoshika kutu, na sakafu nyekundu ya saruji ambayo kila Jumamosi niliipaka nta na kuisugua kwa kipande cha blanketi kuukuu hadi magoti yangu yakawa na rangi ile ile. Mpaka leo nikinusa nta na mafuta ya taa pamoja, mgongo unaniuma kidogo. Mbele ya nyumba kulikuwa na ua wa michongoma, na nyuma kulikuwa na jiko, ambako alasiri mvua ilipiga mabati kwa nguvu hata ukimwita mtu aliye karibu nawe hasikii.

Karibu kila nyumba ilikuwa na mtu wake wa mbali. Mwalimu wa nyumba ya pili alikuwa na mwana aliyesoma Nairobi. Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mama wa Kiislamu kutoka Mumias, mume wake aliendesha lori hadi mipakani. Sisi tulikuwa na Baba, fundi wa mashine kwenye kiwanda cha nguo huko Thika. Kila nyumba ilikuwa na mapambo yake chini ya kitanda, na hayakutolewa kwa tarehe wala kwa tangazo la kanisani. Yalitolewa jioni ile mtu wa nyumba hiyo aliposhuka na mzigo wake. Siku hiyo mwalimu alifunga mapulizo mlangoni na matawi ya msunobari kwenye nguzo, na laini nzima ikajua kijana amefika. Hata jirani wa Mumias, ambaye Krismasi haikuwa yake, mumewe alipoingia alitoa pazia lake jipya la maua akalitundika mlangoni, nasi tukajua. Ukipita pale jioni za Desemba ungesoma nyumba zote kama mwalimu anavyosoma daftari la mahudhurio: huyu yupo, huyu yupo, huyu bado.

Na mtu akifika, anasalimiwa. Huo ndio ulikuwa mwendo wenyewe. Hukualikwa. Uliona mapambo, ukafunika sahani yako kwa kitambaa, ukaenda kupiga hodi.

Nyanya yangu mzaa baba, tuliyemwita Kukhu, aliishi Navakholo ndani na alikuwa mkali kuliko wote katika jambo hili. Kwake yeye, kupamba nyumba mapema kulikuwa kumtukana aliye njiani. "Unataka akute sherehe imemtangulia?" alikuwa akiuliza. Hata kusiriba nyumba yake kwa udongo na samadi ya ng'ombe, na kuichora kwa udongo mweupe kama wanawake wa kule wafanyavyo Krismasi ikikaribia, alianza na kuta za nyuma. Ukuta wa mbele aliuacha wa mwisho, ili Baba aukute udongo haujakauka.

Mapambo ya nyumba yetu yalikuwa taa. Hakuna mwingine aliyekuwa nazo kwenye laini. Baba alizileta mwaka nilioanza shule, kwenye boksi lenye picha ya theluji, na zilikuwa na kijisanduku cha plastiki kilichopiga wimbo ule ule mwembamba. Yeye peke yake ndiye aliyezitundika. Alivua saa yake, akanipa niishike, akazisuka kwenye nondo za dirisha la mbele, kisha akaniambia nifumbe macho. Nikayafumbua, na dirisha letu likawa limechanua. Watu waliokuwa wakirudi kutoka sokoni walisimamisha baiskeli zao kututazama.

Mwaka wa kwanza alikuja mapema, kabla hata mwalimu hajamaliza kusahihisha mitihani. Mwaka uliofuata alikuja mkesha wa sikukuu. Mwaka wa baada ya huo alifika siku ya pili ya sikukuu, ngoma za isukuti zikiwa zimeshapita barabarani, akatundika taa bila kuniambia nifumbe macho, na baada ya siku tatu akaondoka.

Katika mwaka ninaokuhadithia, barua zilikoma Agosti. Mama alikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya serikali mjini. Alirudi saa kumi na moja na nusu, vidole vikiwa na wino, akavua viatu mlangoni, akakaa kwenye kiti bila kuwasha redio. Nikimuuliza Baba anakuja lini, alijibu, "Kazi ni nyingi kule." Majirani wakimuuliza aliwajibu hivyo hivyo, kwa sauti ile ile, na kila alipolisema neno hilo lilionekana kuwa zito zaidi kulibeba.

Kisha mji wenyewe ukavunja kanuni. Desemba ilipoingia tu, mafundi walikuja na ngazi wakatundika taa kwenye miti ya barabara kuu. Mama alinipeleka kuziona. Zilikuwa taa za manjano, chache, nusu yake haziwaki, lakini mimi nilisimama mdomo wazi. Mji ulikuwa haumngojei mtu. Na nikiwa pale nikapata wazo ambalo ni mtoto wa laini yetu tu angeweza kulipata. Maisha yangu yote nilikuwa nimeona taa na Baba pamoja. Mwaka ambao taa zimewaka, Baba yupo. Basi niliona shida yetu iko wapi: taa hazijawashwa.

Ijumaa iliyofuata, Mama akiwa kazini, nililitoa boksi chini ya kitanda. Nilipanda kwenye kigoda kilichowekwa juu ya kiti. Jirani wa Mumias alikuwa akianika nguo kwenye kamba, akaniona.

"We mtoto, unashika nini huko juu? Utavunjika!"

"Ninampambia Baba!"

Aliniangalia muda mrefu, shuka la maji mkononi, kisha akaendelea kuanika. Nafikiri alidhani Mama amenituma. Nilizisuka vibaya, fundo kubwa upande mmoja na upande mwingine mtupu. Giza lilipoanza kushuka nikachomeka waya kwenye soketi. Zikawaka. Wimbo ukaanza. Nikakaa kitandani kungoja.

Wa kwanza kufika alikuwa Mama, aliyechelewa kazini siku hiyo. Nilisikia miguu ikikimbia barabarani, nami Mama sikuwahi kumsikia akikimbia. Aliingia viatu mkononi, soksi zina matope, kitambaa cha kichwa kimeteleza hadi shingoni. Uso wake ulikuwa wa msichana. Alitazama kitini, akatazama mlango wa chumba cha kulala.

"Yuko wapi?"

"Nani?"

"Baba yako! Yuko wapi?"

"Bado," nikamwambia. "Lakini sasa atakuja. Nimewasha."

Sijui namna ya kukuelezea uso unavyozeeka. Alijishika ukutani. Hakunipiga, hakunigombeza. Alinyoosha mkono kuelekea kwenye soketi, na kabla hajaifikia, hodi ikapigwa.

"Shemeji! Shemeji, mlikuwa mnatuficha?" Alikuwa mwalimu, amevaa koti la kanisani, mkewe nyuma yake na kapu la mandazi. "Tumeona barabara yote inang'aa. Yuko wapi huyo mtu wa Thika? Atoke tumwone kama amenenepa!"

Mama alifungua mdomo. Nilimwona akiliinua lile neno la kila siku, kazi ni nyingi, na nikaona kwamba jioni ile hakuweza kulibeba.

"Amelala," akasema. "Amefika amechoka sana."

"Aa, Thika ni mbali," mke wa mwalimu akasema kwa huruma, akishusha sauti.

Wakaja na wengine. Nyumba ikajaa watu wanaonong'ona. Wewe umewahi kuona sherehe ya kunong'ona? Wanaume walikaa kwenye viti vyenye vitambaa vya kufuma, wakacheka wakiwa wamefunika midomo. Mama alipika chai, akaongeza maji, akaongeza majani, akiwa ametugeuzia mgongo. Dirishani wimbo uliendelea kujirudia.

"Lakini huyu mtu anakulanga saa ngapi?" mwalimu akauliza mwishowe, akainuka. "Wacha nimwamshe. Mimi hanikasirikii."

"Mwalimu, kaa." Alikuwa jirani wa Mumias. Alikuwa ameingia kimya na sahani ya pilau iliyofunikwa. "Mtu ametoka safari unataka kumtoa kitandani? Wewe ukisafiri hadi Mautuma tu unalalanga siku mbili."

Watu wakacheka, wakafunika midomo. Mwalimu akakaa, akisema Mautuma si karibu kama watu wanavyofikiri. Jirani akaniwekea sahani mikononi. "Mpelekee baba yako," akasema, akinitazama machoni. "Asipomaliza, usitoke."

Niliingia chumbani, nikafunga mlango kwa mguu, nikakaa ukingoni mwa kitanda kilichotandikwa vizuri. Nikaila pilau ya Baba yote. Nilikuwa na njaa, na ilikuwa tamu, na kila tonge nililomeza nilijua kwamba hakuna anayekuja. Nilipotoka na sahani tupu watu walifurahi. "Anakula! Basi ni mzima," mke wa mwalimu akanong'ona. Jirani alinivuta karibu kana kwamba ananikumbatia, akanifuta mafuta midomoni kwa ncha ya leso yake kabla mtu hajayaona.

Walipoondoka, Mama aling'oa waya. Kimya kilichofuata nakikumbuka kuliko wimbo. "Leo umenichosha, mwanangu," akasema, na hilo tu.

Laini yetu haipo tena. Niliijua njia, nikaenda asubuhi ile ile ya Oktoba na begi langu mgongoni. Nyumba sita zimebomolewa na mahali pake kuna jengo la ghorofa nne la kupangisha. Michongoma imeng'olewa, na ukuta wenye vigae vya chupa umechukua nafasi yake. Kwenye roshani kadhaa taa zilikuwa zimeshawekwa, nzuri kuliko zetu, nyeupe tupu kama mvua ya mawe. Nilimuuliza mama aliyekuwa akifua uani, ni nani wamefika. Hakunielewa. "Wamefika kutoka wapi? Hizo ni za mwenye ploti," akasema, akarudi kwenye povu lake. Nami siwezi kumlaumu. Sasa mtu hupiga simu kutoka ndani ya basi akasema yuko Kapsabet, na mtu asiyekuja hutuma ujumbe, na hakuna anayehitaji kutazama dirisha la mwenzake. Ni rahisi zaidi. Lakini nilipokuwa nimesimama pale nilijiuliza ni nani kwenye ghorofa zile nne angejua kwamba nyumbani kwa jirani yake kuna mtu amengojwa, hakuja.

Hata hivyo, sijakumalizia.

Barabara ya Navakholo ilipita mbele ya dirisha letu, na mwendesha boda boda mmoja wa kijijini kwa Kukhu alikuwa amepita na baiskeli yake Ijumaa ile jioni, akaziona taa. Kesho yake, jua likiwa utosini, Kukhu aliingia kwetu vumbi likiwa limemfika magotini, amevaa gauni lake la Jumapili, kuku jogoo kwapani.

"Mulembe," akatusalimu, macho yakipita juu ya vichwa vyetu. "Ameamka? Nimeletea mwanangu ingokho."

Mama alikuwa akichagua mchele kwenye ungo. Majirani aliweza kuwadanganya. Huyu alikuwa mama wa mtu mwenyewe, naye ndiye aliyekuwa na ufunguo wa boma ambamo Mama alikuwa ameolewa. Siku hiyo niliona Mama anaogopa, na nikaelewa anachoogopa: kwamba mume akiondoka, mke anabaki kuwa mgeni, hana tena ukuta wa kusiriba Navakholo wala mahali pa kwenda siku ya sikukuu. Aliweka ungo chini. Akaenda chumbani, akarudi na bahasha kutoka chini ya godoro.

"Mama, hakuja," akasema. "Taa aliziwasha mtoto."

Kisha akasoma barua. Kukhu hakujua kusoma, kwa hiyo Mama alimsomea, kwa sauti kavu, kama alivyosoma ofisini maneno ya mkubwa wake kabla ya kuyapiga chapa. Baba aliandika kwamba hatakuja Krismasi hii, wala nyingine. Ameanza nyumba huko na mtu mwingine, na wana mtoto. Mtoto wa huku aambiwe kazi ni nyingi. Mama akaweka nukta, akaikunja barua.

Kuku alijipapatua. Kukhu alimkaza kwapani.

"Alikuandikia lini?"

"Agosti."

"Na umekaa nayo peke yako kutoka Agosti? Unaenda kazini, unarudi, umekaa nayo tu?"

"Ningesema nini, Mama? Ni mwana wako."

Kukhu alitoka hadi jikoni nyuma, akaomba kisu. Alimchinja jogoo mwenyewe, akamnyonyoa mwenyewe, akakataa nimshikie hata bawa. Alipika muda mrefu, mvua ikianza juu ya mabati, na Mama akasonga ugali kimya kando yake. Nilidhani amekasirika nasi, na kwamba akimaliza kula atasema Mama afungashe vitu.

Alipakua yeye. Sasa, rafiki, lazima ujue kwamba kwetu kuku ana sehemu isiyogawiwa ovyo. Ni firigisi, tunayoiita imondo. Hiyo ni ya mwenye nyumba, mwanamume, na asipokuwapo huwekwa kando ikamngoja. Mama alikuwa ameolewa miaka kumi, amepika kuku wangapi, na hakuwahi kuionja. Kukhu aliichukua kwa vidole, moshi ukitoka, akaiweka katikati ya sahani ya Mama.

Mama aliitazama. "Hii si yangu."

"Ni ya nani basi?" Kukhu akauliza. "Mimi nimeangalia nyumba hii yote. Sijaona mwingine. Kula, omwana wanje, mwanangu."

Mama akaiweka mdomoni. Alitafuna, machozi yakimshuka hadi kidevuni, akaendelea kutafuna, kwa sababu ni nyama ngumu na haimezwi haraka. Kukhu hakumtazama. Alinawa mikono, akajifunga kitambaa chake, akasema siku ya sikukuu atatungoja asubuhi, ukuta wa mbele haujapakwa na yeye mgongo unamuuma. Mvua ilikuwa haijaisha. Mama akataka kuinuka amsindikize, kama ilivyo desturi.

"Kaa," Kukhu akasema. "Maliza chakula chako."

Akatoka peke yake kwenye mvua, akauvuta mlango nyuma yake mpaka kitasa kikalia.